Kipimo cha Chokaa

Mwalimu wa Itzayana ameleta barua:
Ijumaa ni siku ya tamaduni,
kila mtoto aje na kitu cha kwao.
Mwanangu akaniuliza, kwetu ni wapi?
Nilikuwa navua viatu vya kiwandani,
vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya chumba cha nyama.
Nikasema, ngoja nioge kwanza.

Hapa Nebraska mahindi hayana mwisho.
Unaendesha gari saa nzima, mahindi,
mwenzako anasinzia, anazinduka, mahindi,
na yote ni ya ng'ombe.
Nicanor, mdogo wake, anayajua ya kopo tu,
yale matamu kama peremende.
Basi nikaenda kwa Don Wulfrano mwenye duka,
nikanunua kilo tatu za mahindi ya buluu,
punje nene, butu, kama meno ya farasi.

Usiku nikampigia mama, Tlaxcala.
"Chokaa kiasi gani?"
"Ya kutosha."
"Ya kutosha ni ngapi, mama?"
"Hadi maji yanuke kama ukuta mpya ulionyeshewa."
Nikaandika juu ya bahasha ya bili ya umeme:
ukuta mpya, mvua.
Ndicho kitabu chote cha mapishi nilichorithi.

Tukachemsha, tukafunika, tukalala.
Alfajiri maganda yalikuwa yamelegea.
Fikicheni, nikawaambia, polepole,
kama mtu anayemtoa mtoto matongotongo.
Nicanor akasema maji yanateleza kama kamasi.
Itzayana akacheka hadi akaketi sakafuni.

Sikuwapa habari za piramidi,
wala za tai na nyoka wa kwenye bendera.
Niliwaambia bibi yangu alikuwa na sugu magotini
na hazikutoka kanisani.
Jiwe lake halikuvuka mpaka nasi, lilikuwa zito mno.
Tunalo hili dude la mkono, limebanwa mezani,
linalia kama punda aliyeonewa,
lakini niliwaonyesha mabega yake yalivyokwenda:
hivi, na hivi,
kama anayefua nguo ya mtu anayempenda.

Tukachoma pilipili juu ya chuma kikavu.
Tukakohoa sote, king'ora cha moshi kikalia,
Mzee Svoboda akagonga ukuta mara mbili.
Nikafungua dirisha, theluji ikaingia jikoni.
Simu niliiegemeza kwenye bakuli la nyanya,
nyanya yao akawa anatutazama
kutoka katikati ya nyanya,
amekaza macho kama refa.

Tortiya ya kwanza ilichanika.
Ya pili ilikuwa ramani ya nchi isiyokuwepo.
Ya nne Nicanor aliitupa paka aione, paka akaondoka.
"Geuza," simu ikasema. "Geuza tena.
Sasa iguse kidogo tu, kama unamwamsha mtu."
Itzayana akaigusa.
Ikavuta pumzi,
ikafura pande zote, tumbo la chura,
naye akapiga ukelele, "Imefura, nyanya!"
kwa Kihispania, sentensi nzima,
bila kunitazama kwanza aone kama amekosea.

Simu ikanyamaza. Nikadhani mtandao umekatika.
Kisha nikasikia mama akipenga kamasi.
"Haya," akasema, "sasa anaweza kuolewa."
"Na nani?" akauliza Itzayana. Ana miaka tisa.

Ijumaa hakubeba bendera wala kofia.
Alibeba tortiya kumi na mbili ndani ya kitambaa,
akarudi na kitambaa kitupu na lawama moja:
kuna mvulana alisema zinanuka ukuta.
Nikamwambia, mwalike huyo nyumbani,
ana pua ya mpishi.

Nicanor alikuwa ameketi na ya mwisho, iliyopoa.
Akainyunyizia chumvi, akaikunja
jinsi nilivyomwonyesha, akiibana ncha
punje isidondoke hata moja.
Akanikatia nusu.
Ile kubwa akabaki nayo.