Tulio na Gari Hili Tuko Watatu

Tuko watatu tu, kusini hii yote:
mimi hapa Masasi, mwenye duka la dawa;
Mchopa, daktari wa meno, Lindi mjini;
na Bwana Likwemba wa Nachingwea, mnunuzi wa ufuta,
ambaye hajawahi kusema "halo" kwenye simu,
huanza tu: "Lako nalo linakoroma?"

Linakoroma, namjibu. Gia ya tatu,
asubuhi, kabla halijapata joto.
Likishapata joto linanyamaza
kama mtoto aliyevunja kikombe.

Nililinunua na nailoni ikiwa bado kwenye viti.
Jekundu, fupi, mgongo umebinuka,
mabomba mawili ya moshi, na kitufe kimoja:
ukikibonyeza usukani unakaza, injini inanguruma,
mwanangu Sijaona anapiga vigelegele kiti cha nyuma.
Nilikibonyeza njia ya Ndanda, lami ikiwa tupu,
na sitawaficha,
nilicheka kama mwehu.

Kisha daftari. Ni daftari la duka,
lenye safu za Iliyoingia, Iliyotoka, Salio.

Kilomita mia nne na kumi: kioo cha kushoto
kimeshuka chenyewe, usiku, mvua ikinyesha.
Elfu moja na mia mbili: skrini imezimika Mnazi Mmoja,
imewaka Mtama, inadai tuko baharini.
Elfu mbili: taa ya njano, umbo la injini.
Elfu mbili na moja: imezimika.
Elfu mbili na mbili: imerudi.
Elfu tatu: tumbo limekwaruza tuta la shule
ambalo pikipiki zenye magunia ya mkaa huliruka zikiimba.
(Hili si kosa la gari, fundi ameandika pembeni.
Nimelifuta.)

Fundi wetu Chitanda amefufua
malori ya korosho yaliyokwisha kusomewa hitima.
Alifungua boneti, akakuta plastiki nyeusi
imefunika kila kitu kama mlango wa benki.
Akaizunguka. Akaigonga kwa kidole.
"Dada Somoe, hii injini haitaki kuonwa."
Akafunga taratibu, na hakunidai kitu.
Hapo ndipo nilipoogopa.

Wauzaji wako Dar es Salaam, siku nzima ya lami.
Kijana wao ana sauti laini kama mafuta ya nazi:
"Mama, hilo ni la kawaida kwa toleo hili."
La kawaida! Mbona kwenye zile karatasi zenu za kung'aa
hamkuandika: hukoroma, hushusha vioo?
"Lilete tulione."
Nikalipeleka. Lilikaa kwao siku tisa,
halikukoroma hata mara moja.
Hatukuona hitilafu, wakaandika, wakagonga muhuri.
Lilianza tena Nangurukuru.

Mchopa anashauri nichomoe waya wa betri kila usiku,
kama mzee anavyotoa meno ya bandia.
Likwemba kagundua panya: wameuacha ufuta ghalani,
wanatafuna nyaya. Anaapa nyaya za gari jipya zina utamu.
Tunapigiana usiku, watu ambao hatungejuana.
Mke wa Likwemba alipojifungua pacha
nililijua hilo mwisho kabisa,
baada ya habari za breki.

Jana kaja mwalimu Nambunga.
Malipo ya minada miwili yameingia benki,
simuni ana picha: jekundu, mabomba mawili.
"Dada, wewe unalo. Ni gari zuri?"

Nikamfungulia daftari juu ya meza ya dawa.
Alisoma hadi ukurasa wa nne, midomo ikitembea.
Kisha akainua macho, akachungulia mlangoni
pale lilipoegeshwa, vumbi jekundu juu ya wekundu wake,
nalo, sijui kwa nini, linang'aa.

"Na hicho kitufe?" akauliza.

Nilipanga upya vidonge vya malaria
ambavyo vilikuwa vimekwisha kupangwa.

"Kitufe," nikasema,
"hakijawahi kuharibika."