Swali la Kumi na Nne

Maswali kumi na matatu yalikwenda kama maji mferejini:
jina, Aikande Elinaja Temu; kuzaliwa, Uru;
urefu, nilivuta shingo kidogo, Mungu anisamehe;
Kiswahili B, Hisabati tusiiseme.
Kisha la kumi na nne:
Je, umewahi kukamatwa, kushtakiwa au kuhojiwa na polisi?
Kama ndiyo, eleza.
Na nafasi ya kueleza ilikuwa fupi
kuliko kidole gumba changu.

Mwenye duka la steshenari, karibu na stendi ya Moshi,
akakata picha zangu za pasipoti, akachungulia.
"Hapo weka hapana, dada.
Natoa kopi tangu asubuhi, sijaona ndiyo hata moja."

Mjomba Kileo naye, kwa simu:
"Nani aliandika? Kitabu cha kituo kililiwa na mchwa
mwaka ule wa mvua. Mchwa nao ni ndugu."
Mtendaji alishagonga muhuri bila kuniangalia:
tabia njema, wino wa zambarau,
maneno yaleyale aliyompa fundi redio
na bwana harusi wa Jumamosi.

Lakini mimi nilikuwepo.
Miaka kumi na saba, gunia begani,
debe mbili za kahawa kutoka kichanjani kwa Ndeshukurwa, mjane,
ingali na joto la jua la mchana.
Hilo ndilo nisilosahau: joto,
kama nimebeba mtoto wa mtu.
Binamu alipotelea migombani. Mimi niliteleza mferejini.
Usiku mmoja kituoni, kwenye benchi,
kwa kuwa mahabusu walijaa wanaume.
Askari wa zamu, mwanamke mwenye kikohozi,
alinivulia koti lake. Hakusema neno la hekima.
Alisema, "Miguu yako inanuka matope, isogeze."
Asubuhi nilitaka kuwa yeye.

Sasa nianzeje kazi ya kuuliza watu
"Ulikuwa wapi usiku huo?"
na usiku wangu nimeufukia?
Nitammulika kijana kwa tochi, gunia begani,
nitamwambia sema kweli,
na ulimi wangu utajua.

Nikaandika NDIYO.
Kalamu ikaishiwa wino mwishoni, nikaazima nyingine,
ndiyo maana ile O ni nyeusi na wenzake ni bluu.
Nikaeleza hadi ukingoni, nikapinda, nikapanda na pambizo.
"Umejichongea," akasema mwenye duka.
Pesa ya kopi hakunidai.

Wiki ya tatu akaja mpekuzi, shati la kiraia,
viatu vyeusi vinavyong'aa vikimsaliti.
Majirani wakaniosha:
mwalimu wa kwaya, eti malaika;
Mama Manka, eti hata sisimizi simkanyagi.
Aliandika kidogo.
Kwa Ndeshukurwa alivuta kigoda.
Yule mama hapaki maneno mafuta.
"Aliniibia. Debe mbili. Andika mbili, wasije wakasema moja.
Kisha akaja mwenyewe na jembe,
akanipalilia mibuni msimu mzima.
Mingine aliikata mizizi, kulima hajui.
Na hilo andika."

Mpekuzi akatoa fomu yangu kwenye bahasha ya kaki,
kidole kikatembea polepole pambizoni.
"Debe ngapi?" akaniuliza, mimi niliyesimama mlangoni.
"Mbili."
Akafunga bahasha.

Barua haijaja.
Nikishuka mjini na mkungu wa ndizi
napita nje ya ukuta wa chuo, nasikia kwata:
kushoto, kulia, kushoto.
Miguu yangu, na matope yake ya Uru,
inafuata.