Imekula au Haijala

Nimefuta simu kumi na mbili za rangi ya zambarau,
zile zinazong'aa, zinazoelea hewani bila mkono.
Benki isiyokuwepo. Hoteli ya kubuni.
Nzuri, ila hazijawahi kumtumikia mtu.

Nimebakiza mwalo wa Kirumba, saa kumi na moja alfajiri:
gunia la dagaa li begani kwa mpagazi,
simu yangu ya majaribio i mkononi mwa Nkwimba,
kidole gumba kimelowa, kina magamba.
Akabonyeza *Lipa*.
Kimya.
Akabonyeza tena, akabonyeza tena.
Akanigeukia: "We binti, imekula au haijala?"

Ilikuwa imekula. Mara tatu.

Basi hilo nimeliweka mbele, kabla hata ya jina langu:
picha ya kidole (uso, aliniambia, una bei yake),
mchoro wa kalamu nyuma ya risiti ya barafu,
kitufe kilichonenepa hadi kikalitosha gumba lenye maji,
na neno moja lililonila wiki mbili: *Imepokelewa.*

Magesa, ninayepanga naye chumba Mabatini,
anasema waajiri hawapendi kuonyeshwa kosa.
Labda.
Umeme umekatika, betri asilimia tisa,
mawe ya mlimani bado yanatoa joto la mchana.
Naandika chini ya picha, kwa herufi ndogo:
*hapa nilikosea, mtumiaji akanifundisha.*
Nafuta "mtumiaji".
Naandika Nkwimba Masalu.

Asilimia nane. Natuma kwa wale watu wa Dar.
Kiduara kinazunguka, kinazunguka.
Imekula,
au haijala?