Nyongeza

Wiki ya kwanza Kisumu nilikula mkate na chai.
Si kwamba mfuko ulikuwa mtupu. Sikujua kuuliza.
Kila bei niliizidisha kwa ishirini
nijue kwa hela za nyumbani ni kiasi gani,
na nikishazidisha, kitunguu kinanitisha,
nakirudisha kwenye fungu lake:
nitapita tena, mama.

Jumapili nikaenda Kibuye na kikapu cha ukindu
kinachonukia mawese bado.
"Dagaa," nikasema.
Mwanamke akanitazama miguu kwanza, kisha uso.
"Omena?"
"Dagaa."
"Hii ni omena."
Tukasimama hapo, mimi na yeye na lile lundo,
vijicho elfu vyeupe vikingoja tukubaliane.

Hivyo ndivyo vyakula nilivyolelewa navyo
vilivyobatizwa upya mbele ya macho yangu.
Mnavu ni osuga. Mgagani ni dek.
Mlenda ni apoth, wala haujaacha kuteleza.
Sato nilimkuta anaitwa ngege,
sangara kajificha ndani ya mbuta.
Nyanya peke yake ilibaki nyanya.
Nikanunua kilo mbili, kwa shukrani.

Kisha Obunga.
Niliposikia "mgongo wazi" nilidhani ni gauni.
Kumbe ni sangara aliyevuliwa minofu kiwandani:
nyama imepanda ndege,
kichwa na mifupa na mkia vimebaki na wenye ziwa,
vinachemka kwenye mafuta, karai pana
kama beseni la kuogeshea mapacha.
Nilinyonya pingili moja moja, mpaka mkiani.
Mwenye karai akasimamisha mwiko.
"Wewe unajua mifupa," akasema.
Miaka tisa kazini sijasifiwa vile.

Ndani ya sanduku, chini ya vitenge,
nilikuwa na dagaa wa kwetu, mama kawafunga kwenye pindo la khanga kuukuu.
Nilikuwa nawala watatu watatu, usiku,
kama mgonjwa na vidonge vyake.
Wiki ya tano nikachota konzi moja
nikampelekea yule mwanamke wa omena.
Akanusa. Akatafuna mmoja vivyo hivyo, mkavu.
Akatema chembe kwenye kiganja, akaiangalia juani.
"Omena yenu inakula mchanga?"
Nikaanza kutetea, kwamba huanikwa ufukweni,
kwamba siku hizi wapo wanaotumia chanja,
lakini kicheko kilinitangulia, nikakaa juu ya gunia lake
nikacheka mpaka machozi, na machozi
yakaendelea kidogo baada ya kicheko kwisha.
Hakuuliza. Alinisogezea kopo la uji.

Jumapili iliyofuata: "Watoto wameuliza ni ya ziwa gani.
Nikawaambia ni ya Nyar Ujiji."
Binti wa Ujiji.
Nikamwambia naitwa Tunu.
Akapunga mkono kama anayefukuza nzi.
Yeye mwenyewe ni Rispa kwenye kitambulisho tu;
hapa sokoni ni Nyar Seme,
wa viazi ni Nyar Alego, wa mkaa ni Nyar Gem,
na yule bibi wa vyungu, meno manne, sauti ya tarumbeta,
miaka hamsini kaolewa mjini hapa
bado anaitwa kijiji alichokiacha akiwa kigoli.
Nikatazama safu nzima ya vibanda, mwanzo hadi mwisho.
Sikumwona mwenyeji.

Leo nimefika chumbani Kondele, nimebandika maji,
ndipo nimekumbuka kwamba sikuzidisha.
Nililipa tu, nikapokea chenji, nikaitia kwenye sidiria.
Neno langu la kwanza la Kijaluo, kabla ya salamu,
kabla ya asante, ni hili: medna. Niongezee.
Nikalisema, gorogoro ikiwa tayari imefura.
Rispa akaongeza kiganja.
Akaondoa wawili, akinikazia macho.
Akarudisha watatu.