Mlango wa Keko

Mlango wetu wa zamani uko ng'ambo,
umetundikwa ukutani kama koti la mgeni,
na chini yake kibao: Kunguru. Rangi ya kopo juu ya mbao.
A. Nalyoto, Dar es Salaam.
Hawakuandika kwamba ulikuwa na komeo.
Hawakuandika kwamba upande wa ndani, chini,
kuna mistari ya kalamu, kimo changu
nilipokuwa na miaka sita, saba, nane.

Mwaka ule baba hakulala.
Masika yalishika, Keko ikajaa tope,
naye anapaka. Rangi ile ya baiskeli,
nyeusi tu, na tone jeupe la jicho.
Alianza na hadibodi. Zikaisha.
Akapaka friji, ndoo, shuka la kitanda,
khanga ya mama ikiwa kambani, bado inachuruzika,
methali yake ikamezwa na mbawa.

"Wale wa juu ya bati," alisema,
"wanahesabu ninachokula."
Mama akawa anapika ugali kidogo,
ili wasihesabu kingi.
Hilo nalikumbuka kuliko kunguru wote.

Walisema bangi. Walisema kijicho cha wasanii wenzake.
Mjomba Akwilapo akaleta mtu kutoka Masasi
na kuku mweusi ndani ya kikapu.
Baba akamchora yule kuku.

Ndipo akaja Shamsudini, mwenye duka la picha.
Alisimama nje, hakupiga hodi,
akausoma mlango kutoka juu hadi chini
kama mtu anayesoma wosia wenye jina lake.
Laki tisa. Kesho yake fundi akaja na bisibisi.

Tukatundika pazia.
Wiki tatu nzima mbu, mbwa na macho ya watu
viliingia bila kubisha,
na kila upepo ulipolitikisa lile pazia
baba aliruka kitandani akipiga kelele:
Mmewafungulia! Mmewafungulia!
Laki tisa ile ilitufikisha Muhimbili.

Daktari alimwuliza siku, mwezi, mwaka.
Baba alijibu yote sawasawa,
kisha akauliza kama dirisha lile lina kitasa.

Dawa zilifanya kazi. Naanza na hilo,
maana wengi hupenda kuanza na lile jingine:
kwamba mkono ulianza kutetemeka,
kwamba ulimi ulikuwa mzito kama kiatu chenye maji,
kwamba siku moja alifungua kopo jekundu,
akalitazama kwa muda mrefu, akasema,
"Imekuwa rangi tu."

Shamsudini akarudi, safari hii na soda.
Wateja wanataka kunguru, alisema.
Pundamilia kila kijana wa barabarani anachora.
"Wiki mbili tu, binti. Apumzishe dawa.
Chini ya uangalizi."
Alilitamka neno uangalizi
kama mtu anayeagiza chai.
Nilichukua chupa ya vidonge
nikavihesabu mbele yake, kimoja kimoja, kwa sauti,
mpaka akakumbuka ana safari.

Wanasema ugonjwa ndio uliokuwa fundi.
Mimi nilikuwepo. Nilikuwa naosha brashi.
Baba alijua kuuvuta ubawa kwa pumzi moja
kabla hajaanza kusikia chochote juu ya bati.
Ugonjwa haukumfundisha mstari hata mmoja.
Ulimnyima usingizi,
na sisi ukatunyima mlango.

Mwezi uliopita tumenunua mwingine, wa paina,
una vifundo na bado unanukia utomvu.
Ameupaka siku tisa. Bluu.
Michirizi imeshuka kama ya mtoto anayejifunza,
na kona moja ya juu ameisahau, au ameiacha,
sikumwuliza.
Hakuna ndege.
Hakuna atakayekuja na bisibisi.

Jana nilitoka kazini jioni,
mkono huu nyanya, mkono huu mkate,
nikamsikia kutoka ndani, sauti yake ile ya zamani
ya mtu mwenye kazi inayomkera:
"Rangi mbichi hiyo!
Sukuma kwa kiwiko."