Mzigo wa Tamaa

Nuru haijatambaa,
nami nimekwisha kaa
na punda wangu Tamaa
uani, zahanatini.

Hutoka Bi Mwanaheri
na glavu zake tayari,
hasemi "sabalkheri"
hadi apime mizani.

Njano ni pamba na damu,
nyekundu, ya binadamu;
na kisanduku kigumu,
sindano zalala ndani.

Najua ya watu wengi
kwa uzito na kwa rangi;
silipwi hata shilingi
niyafungie moyoni.

Mifuko wakiongeza,
homa imeshajijaza;
mji haujatangaza,
mi nishajua begani.

"Simile!" napiga kele;
vijana, hata wavyele,
hujibana mbali kule,
viganja viko puani.

Mwaka juzi, bila haya,
tulizitupa pamoya
na taka zisizo mbaya,
jalalani, pale pwani.

Ndipo mwanangu, Famau,
siku hiyo kasahau,
hakuvaa angalau
ndara zake miguuni.

Sindano ikamdunga
unyayo; nikaufunga
kwa kitambaa cha kanga,
mbio, naye mgongoni.

Vipimo wakavianza;
nusu mwaka najifunza
namna kimya huponza
nyumba yenye watu ndani.

Jibu likaja: salama.
Mamake akainama.
Mimi sikuweza sema,
nikatoka barazani.

Kesho yake nikaomba
hii kazi ya kukomba
mauti chumba kwa chumba,
nikayatie motoni.

Tanuri lataka joto;
moto mdogo ni ndoto:
huzaa moshi mzito
wa kuturudi vyumbani.

Jivu lina shimo lake,
saruji pembeni mwake,
mvua isilifike,
lisishuke visimani.

Jana mke wa Shekuwe
kaomba sana apewe
kondo, isichukuliwe,
aizike mnazini.

Bi Mwanaheri kasita,
kanitazama, kapita,
akarudi, akaita:
"Ipimwe, kisha mpeni."

Kapu jipya, sio njano;
nikabeba kwa mikono,
sikupaza hata neno,
nasalimiwa njiani.

Kesho Tamaa na mimi
tutapita, hamsemi.
Zibeni, siwalaumi;
ila, ndara miguuni.