Ileile

Kituo cha polisi Urambo, mwaka huu tena,
Kalunde anaiweka mezani bunduki ya marehemu.
Risasi zake ndogo kama kunde;
tumbili wa shambani wanaijua sauti yake.

Kitako cha kiwandani kililiwa na mchwa.
Mihayo akachonga kingine, cha mninga,
akakipunguza vidole viwili
ili mkewe naye aweze kulenga.
Mkanda ni mpira wa baiskeli.
Magazini, ya kununua Sikonge, hukwama kila masika.
Darubini waliifunga, wakaifungua wiki ileile:
“Inamleta tumbili karibu mno. Ana macho ya mtu.”

Askari hayamhusu hayo.
Anapangusa chuma kwa dole gumba,
anasoma namba, anaandika: *ileile*.

Nje, Kalunde anaijaribu begani.
Kitako kinatua palepale
Mihayo alipompimia.